Dizeli inavuja tena: ubadili mpira, ufungue pampu, au utafute pampu ya mtumba?

Kwa miezi saba, kila asubuhi nilikuwa nikikuta doa chini ya gari langu. Halikuwa doa la oili, oili naijua kwa uzito na weusi wake. Hili lilikuwa jepesi, lenye harufu kali, na mchanga wa uani ulilinywa ukabaki na duara ambalo hata nyasi hazikuota tena. Gari ni Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, injini 3L, haina tabo wala kompyuta. Ndiyo pikapu utakayoiona Tanga nzima ikibeba machungwa ya Muheza, samaki wa Deep Sea na saruji ya Pongwe. Katika miezi hiyo nilitengeneza uvujaji ule mara nne, na mara tatu kati ya hizo nililipia kitu ambacho hakikutibu ugonjwa.

Kwa hiyo nalinganisha hapa njia ambazo mtu wa Tanga anaweza kuzipata kweli, ili ukisimama mbele ya kaunta ya spea ujue kwa nini unachukua hiki na unaacha kile. Nitakaa sana kwenye pampu kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakozama. Ninachosema kinahusu dizeli za zamani zenye pampu ya kuzunguka ya mitambo mitupu: 2L, 3L na 5L za Toyota, 1HZ ya Land Cruiser, TD27 ya Nissan, 4D56 ya Mitsubishi. Kama gari lako ni la komoni reli, yaani dizeli za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, usilitibu kwa maneno haya, lile lina mgandamizo wa zaidi ya baa 1000 na dawa zake ni nyingine.

Kabla ya bei, jua upande

Njia ya dizeli kwenye magari haya ina pande tatu, na kila upande una tabia yake ya kuvuja.

Upande wa kuvuta unaanzia kwenye tenki, unapita kwenye filta na kuishia mdomoni mwa pampu. Kwenye hizo Toyota nilizotaja hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu kubwa inajivutia mafuta yenyewe kwa mapanga madogo yaliyo ndani yake. Kwa hiyo upande huu ukipata ufa, gari likiwa linaunguruma halimwagi dizeli, linanyonya hewa. Ukilizima, mafuta yaliyo juu yanarudi taratibu kwenye tenki usiku kucha, na asubuhi stata inazunguka mpaka betri inachoka. Kama huwashi mpaka ubonyeze ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na chini hakuna hata tone, jua nako ni kuvuja, ila kunavujia ndani.

Upande wa msukumo ni yale mabomba manne ya chuma yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, au sita kwenye 1HZ. Humo dizeli inapita kwa mgandamizo unaozidi baa 100, wakati tairi la mbele la pikapu hiyo hiyo lina baa mbili na kidogo. Hapa nasema kwa msisitizo wote nilionao: usitafute kwa kidole mahali bomba linapovuja injini ikiwa inawaka. Mrusho mwembamba wa dizeli unatoboa ngozi. Kwa nje utaona kama umechomwa na mwiba tu, lakini ndani mafuta yanaharibu nyama, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa jambo hilo. Pitisha kipande cha boksi, kikilowa umepata jibu. Ikitokea bahati mbaya imekuingia, nenda hospitali ya Bombo saa ile ile na uwaambie kwamba ni dizeli ya mgandamizo, usingoje kidonda kivimbe.

Upande wa tatu ni wa kurudi, unaopeleka mafuta ya ziada kutoka kwenye nozeli na pampu hadi kwenye tenki. Mgandamizo wake ni mdogo. Mara nyingi unalowesha tu, vumbi linashika, na injini inavaa koti jeusi linalokudanganya.

Koti hilo ndilo lililonipotezea pesa. Dizeli inatambaa. Inatoka juu ya pampu, inafuata bomba, inashuka kwenye boliti, upepo wa feni unaisukuma nyuma, na tone linaangukia mahali pasipohusika kabisa. Fundi akitazama pale linapoangukia, atabadilisha kilicho karibu. Basi fanya hivi kabla hujanunua chochote: osha injini kwa maji na sabuni ya unga, hasa pampu na filta, iache ikauke kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye pampu, viungo vya mabomba na kichwa cha filta. Washa, iache kwa sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika kumi, ushike tochi. Poda itageuka rangi mahali dizeli inapochungulia kwanza. Kopo moja la poda lingeniokolea ile pampu ya mtumba nitakayoisimulia.

Kwa upande wa kuvuta kuna vipimo viwili visivyohitaji kifaa cha fundi. Cha kwanza, laza gari usiku kwenye mteremko, pua ikitazama chini, tenki likiwa na mafuta ya kutosha. Likiwaka mara moja asubuhi, na siku nyingine kwenye tambarare linasumbua, hewa inaingia kati ya tenki na pampu. Cha pili ni dumu la lita tano lenye dizeli safi. Lining'inize juu zaidi ya pampu, unganisha mpira kutoka kwenye dumu mpaka mdomo wa pampu na mwingine wa kurudi, toa upepo, washa. Ugonjwa ukiisha, pampu haina kosa na usimruhusu mtu aishushe. Ukibaki, acha kuhangaika na tenki.

Ukitaka kujua kama inafaa kuhangaika, hesabu matone. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata tukisema matone arobaini ndiyo yanayofanya mililita moja, hizo ni zaidi ya lita mbili zinazoingia mchangani.

Mpira wa maji, mpira wa kuona ndani, na mpira wa mafuta

Mara ya kwanza nilibadilishiwa mpira wa kurudi. Haukuwa na tatizo, ila ulikuwa umelowa. Fundi hakuwa na mpira wa mafuta wa kipimo kile, akakata kipande cha mpira wa hita. Baada ya wiki tano ule mpira ulikuwa umevimba na kulainika, klipu imezama ndani yake, na sasa nilikuwa na sehemu mbili zinazovuja. Mpira wa maji ya injini umetengenezwa kustahimili maji ya moto na kulanti. Dizeli inauingia na kuuvimbisha. Si suala la bahati, ni aina ya mpira wenyewe.

Mpira wa plastiki wa kuona ndani una faida moja kubwa, kupimia. Weka kipande kifupi kati ya filta na pampu, washa, tazama. Mafuta yakipita safi, upande wa kuvuta ni mzima. Viputo vikipita mfululizo, hewa inaingia. Baada ya hapo utoe. Ukiuacha, dizeli inauondolea ulaini wake, unakuwa mgumu kama mfupa, na siku moja unapasuka kwenye klipu ukiwa njiani. Nimeona magari mengi yenye mpira huo kama matengenezo ya kudumu, na wenyewe wanaupenda kwa sababu wanaona mafuta yakipita.

Mpira wa mafuta wa kweli una nyuzi zilizofumwa katikati, na umeandikwa ubavuni kuwa ni wa mafuta. Mpira wa kuvuta kwenye Hilux hizi ni wa tundu la milimita 8. Usikisie, nenda dukani na kipande cha zamani. Bei yake inazidi ule wa maji, lakini katika orodha yote ya ukurasa huu hakuna kitu rahisi kuliko mita moja ya mpira mzuri. Hapa sioni sababu ya kulinganisha kwa muda mrefu: nunua ulio bora kuliko wote dukani.

Kinachofaa kulinganishwa ni namna ya kuufunga. Waya wa kufungia unabana pande mbili tu na kuacha pengo, na upande wa kuvuta hewa inapita kwenye pengo ambalo dizeli haipiti. Klipu ya skrubu inabana vizuri, ila mkono mzito unaifanya ikate mpira. Klipu ya chuma ya kubana yenyewe, ile iliyokuja na gari, inafuata mpira unapopata joto na kupoa, nami ndiyo naichagua kama bado ina nguvu. Halafu badilisha mpira mzima kutoka kiungo hadi kiungo. Vipande viwili na bomba la kopa katikati ni midomo minne mipya ya kuvuja.

Filta na yale mabomba ya chuma

Filta nitaipitia haraka. Ukibadilisha filta, hakikisha oringi ya zamani, ile pete ya mpira ya kuziba, haikubaki imeganda juu, maana oringi mbili zikikaliana lazima zivuje. Paka mpya dizeli, kaza kwa mkono, basi. Chini kabisa ya filta kuna koki ya kutolea maji, nayo ina oringi yake ambayo watu wanaisahau. Na kama ile pampu ya mkono inalowa juu unapoibonyeza, una njia mbili: kubadili mpira wake wa ndani au kununua kichwa kizima. Kwa kichwa cha asili kilicho imara, badili mpira. Kama nyuzi za skrubu zimeshaliwa au alumini imeota unga mweupe kwa chumvi ya huku pwani, kichwa kizima ni nafuu kuliko kurudi kwa fundi kila mwezi.

Mabomba ya msukumo hayana mjadala. Bomba lililopata ufa halichomelewi kwa shaba wala halibadilishwi kwa kopa. Tafuta bomba la injini ile ile, la silinda ile ile, hata la mtumba, mradi ncha zake za duara hazijakwaruzika. Ila uliza kwanza kwa nini limepasuka. Mara nyingi vile vibanio vidogo vinavyoyashika mabomba pamoja vimepotea kwenye matengenezo fulani ya zamani, yakawa yanatetemeka kila moja peke yake. Rudisha vibanio, la sivyo lijalo litapasuka palepale.

Kuna kitu kingine kinachofanana na kuvuja kwa nozeli na sicho. Ukikuta rundo la masizi meusi yenye kunata chini ya nozeli, na injini inatoa sauti ya chu-chu-chu ikiwa baridi, huo ni moshi wa silinda unaopita kwenye washa ya chini, ile pete ya chuma inayoziba pale nozeli inapokaa. Dizeli haihusiki hapo.

Washa za kurudi: mpya au za kuchoma

Mara ya pili nilibadilishiwa washa zote za lile bomba jembamba linalopita juu ya nozeli. Nazo zilikuwa nzima. Lakini nilijifunza kitu nilipomtazama kijana akifanya kazi ile, kwa hiyo nakiweka hapa.

Washa ya kopa inaziba kwa sababu ni laini. Ikikazwa mara moja inakuwa ngumu. Ukiichoma mpaka iwe nyekundu kisha ukaipoza, inarudia ulaini wake. Ukiisugua kwenye msasa mlaini uliolazwa juu ya kioo mpaka mfereji ufutike, inafanya kazi tena. Nimesafiri hadi Lushoto na kurudi kwa washa za namna hiyo, zikashika. Usifanye hivyo kwa washa ya alumini, inayeyuka kabla hujaiona ikiwa nyekundu. Kama duka limefunga au uko shamba Amani, choma. Kama uko mjini na duka liko wazi, chukua mpya, maana kazi ya kufungua ni ile ile, na hakuna haja ya kuirudia kwa kuokoa kitu kidogo namna hiyo. Lile bomba likiwa limepinda kwa sababu mtu alilikanyaga au kulishika wakati wa kunyanyua kitu, washa za aina yoyote hazitaziba.

Pampu: njia tatu

Sasa tumefika.

Pampu hizi hazina oili yake. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha kila kitu ndani, kwa hiyo mwili mzima wa pampu umejaa mafuta, na kila mahali palipo na shafti au kifuniko pana mpira wa kuziba. Mipira iliyotoka nayo kiwandani mingi ni ya naitrili, aina moja ya mpira wa kutengenezwa. Imekaa miaka thelathini, na katikati ya umri huo mafuta yalibadilika. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu. Lakini usafishaji unaoondoa salfa unapunguza pia vile vitu vilivyokuwa vikiufanya mpira wa zamani uvimbe kidogo na kujaza nafasi yake, na mpira mzee unasinyaa. Marekani waliliona hilo mwaka 1993 waliposhusha salfa. Kwa hiyo mtu akikuambia pampu imeanza kuvuja, hajasema kwamba imekufa. Mara nyingi imezeeka mipira tu.

Inavujia wapi? Juu, kwenye shafti ya mkono wa akselereta, ndiyo sehemu ya kwanza. Kisha gasketi ya kifuniko cha juu. Kisha nyuma, pale kichwa chenye matundu ya mabomba kinapoungana na mwili. Mbele kuna sili ya shafti kuu, na hii ina hatari yake. Kwenye 3L, 1HZ na 4D56 pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, basi dizeli inayopita kwenye sili ya mbele inalowesha mkanda na kuuharibu kabla ya kilomita 100,000 ulizoahidiwa. Kwenye TD27 inazungushwa kwa gia, na dizeli hiyo inaingia kwenye oili ya injini. Hutaona doa lolote chini, utaona oili imeongezeka kwenye kijiti na imekuwa nyepesi. Ukiona hivyo usiendeshe.

Njia ya kwanza ni kubadilisha oringi ya akselereta na gasketi ya juu, pampu ikiwa palepale kwenye gari. Fundi mtulivu anaimaliza kwa nusu siku. Ni rahisi kwa bei, na kwa pampu inayovuja juu tu ndiyo ninayoishauri kwanza. Masharti yake mawili hayana msamaha. Pampu ioshwe kabla ya kufunguliwa, kwa sababu chembe ya mchanga ikiingia humo itakwaruza vitu vilivyosuguliwa kwa kipimo ambacho jicho halioni. Na ule mkono wa akselereta uwekewe alama kwenye meno yake kabla ya kung'olewa. Ukirudishwa jino moja pembeni, gari litakuwa na sailensa ya juu, na utalizunguka siku nzima ukidhani umeharibu kitu kikubwa.

Njia ya pili ni kuishusha na kuipeleka kwa fundi pampu, abadilishe mipira yote kwa seti moja na kuipima kwenye benchi. Inagharimu mara kadhaa zaidi, na gari linalala siku mbili tatu. Unailipia kwa sababu kichwa cha nyuma na sili ya mbele si kazi ya chini ya mwembe. Ukifungua kichwa vibaya, springi na washa nyembamba za vipimo zinaanguka ndani, na mpangilio wake ukipotea pampu haitoi mafuta sawasawa tena. Na ikirudishwa kwenye gari lazima taimingi yake, yaani wakati inaposukuma mafuta, ipimwe kwa geji, si kwa kusikiliza mlio.

Njia ya tatu ni pampu ya mtumba, nami ndiyo niliyoikimbilia mara ya tatu. Niliiona dukani inang'aa, imefutwa vizuri, muuzaji akasema imetoka Japani. Nililipa, ikafungwa, ikakaa kavu siku sita. Siku ya saba juu ya kifuniko kulikuwa kumelowa kama ile ya kwanza. Nilipofikiri baadaye niliona jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo: pampu ile ilikuwa na umri ule ule, mipira ile ile, na zaidi ya hapo ilikuwa imekaa kwenye rafu ikiwa kavu kwa muda nisioujua, na mpira uliozoea mafuta ukikauka unasinyaa na kupasuka. Nilinunua ugonjwa wangu mwenyewe kwa mara ya pili. Tena pampu za 2L, 3L na 5L zinafanana kwa nje lakini utoaji wake wa mafuta si mmoja, na ile ya 2L-TE inaongozwa kwa umeme na haikufai kabisa. Soma namba kwenye kibati, usiridhike na kufanana.

Nikabeba pampu zote mbili kwenye gunia hadi kwa mzee mmoja Ngamiani. Nikamwamkia na kuanza kumweleza historia yote.

"Marahaba, mwanangu. Ziweke hapo tuzitazame kwanza, usinitajie ugonjwa."

Akashika shafti ya akselereta ya pampu yangu ya zamani kwa vidole viwili, akaitikisa kulia na kushoto. Haikucheza. Akashika ya ile ya mtumba, ikacheza. Akanipa nami nizitikise. Halafu akapitisha ukucha kwenye shafti kuu, pale sili inapokaa, akitafuta mfereji. Kipimo chote kilikwisha chini ya dakika mbili, na ndicho kinachoamua njia ipi uchukue.

Kama shafti haichezi na haina mfereji, mipira mipya itadumu, na pampu yako ya zamani ina thamani kuliko yoyote iliyo dukani, kwa sababu unajua imefanya kazi kwenye injini ile ile. Kama ya akselereta inacheza, basi bushi, ile pete inayoishika shafti kwenye kifuniko cha juu, imelika. Oringi mpya itashika wiki mbili au mwezi, kisha shafti itaitafuna. Hapo badilisha kifuniko, na hii ndiyo kazi nzuri ya pampu ya mtumba iliyokufa, kukupa kifuniko kizima. Kama ni shafti kuu inayocheza, au inayo mfereji unaokwaza ukucha, ndipo pampu nyingine inapokuwa na maana. Hata hivyo inunue ukijua kwamba utaibadilishia mipira kabla haijafungwa, na bei hiyo uiweke kwenye hesabu yako tangu siku ya kwanza.

Seti za mipira nazo hazifanani. Zipo za naitrili, zipo za vaitoni. Ya vaitoni ni ghali zaidi, na inavumilia dizeli ya sasa vizuri kuliko naitrili. Mwombe fundi akuonyeshe pakiti kabla hajaifungua, na uulize ni ya aina gani. Mzee yule alitumia vaitoni kwenye shafti zote mbili na kwenye kichwa. Pampu yangu ilirudi kwenye gari, ile ya mtumba nikamwachia kwa ajili ya vipande vyake.

Kuhusu zile dawa za kumimina kwenye tenki ili kuziba, na wale wanaochanganya oili kwenye dizeli ili kulainisha mipira: mpira uliosinyaa kidogo unaweza kuvimba ukanyamaza kwa muda. Mpira uliopasuka haurudi. Sizitumii, kwa sababu zinanyamazisha dalili wakati mkanda wa taimingi unaendelea kulowa.

Tenki

Pwani yetu inakula matenki. Chumvi iko hewani, na wanaobeba samaki wana shida zaidi: maji ya barafu ya samaki ni ya chumvi, yanapita kwenye bodi na kudondokea moja kwa moja juu ya tenki. Tope linakaa kwenye mikanda inayolishikilia tenki, na hapo ndipo kutu inapoanzia, mahali usipopaona mpaka ulishushe.

Sabuni ya mche ni msaada wa njiani wa kweli. Isugue juu ya tundu mpaka ijae, dizeli haiiyeyushi. Maji yanaiyeyusha, kwa hiyo mvua ya Amani ikikukuta, simama utazame. Gundi ya chuma ya sehemu mbili inashika tundu dogo kama ncha ya sindano, mradi mafuta yamepunguzwa, chuma kimesuguliwa mpaka kimeng'aa na kimekauka kabisa. Kwenye mshono uliooza haina kazi. Inashika leo, wiki ijayo kutu inatoboa pembeni yake.

Kuchomelea kunafaa kama bati bado ni zito sehemu nyingine zote. Ligonge kwa mpini wa bisibisi, penye mlio mfu bati limekwisha. Lakini tenki lililobaki na harufu ya dizeli linaweza kulipuka likipata moto, hata kama watu wanasema dizeli haiwaki. Masalia yaliyo ndani yanageuka mvuke joto linapopanda, na mvuke huo ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomelewa, matundu yote yakiwa wazi. Fundi asiyefanya hivyo mwambie hapana, kwa usalama wake na wa watoto wanaopita nje ya karakana yake.

Tenki la mtumba ni chaguo zuri kuliko pampu ya mtumba, kwa sababu unaweza kuona ndani. Ingiza tochi kwenye tundu la geji. Kutu ya rangi ya chungwa chini yake maana yake unanunua filta mpya kila mwezi. Ile njia ya kuweka dumu nyuma ya kiti na kuvuta mafuta humo kama tenki la kudumu, nimeiona kwenye barabara ya Pangani, na naomba usiifanye. Dumu la kupimia ni la dakika kumi ukiwa umesimama karibu nalo.

Tenki likitoka kwa fundi, kabla hujalilipia, lijaze maji mpaka juu, lilaze juu ya magazeti usiku mmoja palepale karakana, na urudi asubuhi mapema kuyatazama magazeti kabla jua halijayakausha.